Hesabu ya Umeme na Hesabu ya Watu

Pengine msomaji atauliza: mambo ya umeme yaingia kwa njia gani katika gazeti la seminari? Jibu haliko mbali. Usimame jioni katika mtaa wa Likasi, kule Kikula au Panda, utazame juu, kisha utazame chini. Juu utaona nyaya zikipita kutoka nguzo hata nguzo. Chini, mbele ya milango ya nyumba zilezile, utaona mbabula zimewashwa na mama wakipepea makala. Bwawa la Mwadingusha, katika mto Lufira, ni jirani yetu. Lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Chini yake ni Koni, la mwaka 1950. Upande wa Lualaba yako mabwawa ya Nzilo, la mwaka 1952, na Nseke, la mwaka 1956. Yaani nchi hii ya Katanga yaujua umeme tangu siku za babu zetu, na hata hivyo bukari ya mji huu yapikwa bado kwa miti ya pori iliyochomwa ikawa makala.

Sababu ni nyingi, wala hatutaki kuzifanya kuwa moja. Mitambo ilizeeka. Kulikuwa na vita, na deni, na wizi wa nyaya, na migodi inayokula umeme mwingi kuliko miji. Lakini iko sababu moja isiyosemwa sana, nayo ni ya akili: namna ya kuhesabu. Kabla ya kujenga bwawa au kuvuta waya, watu wa ufundi hufanya hesabu ya miaka kumi, ishirini, hata thelathini mbele. Humo ndimo hukatwa nani atapata na nani atangoja. Na mara nyingi ndani ya hesabu hiyo mna megawati, mna toni za shaba, mna bei ya mafuta, lakini hamna mtu. Au kama yumo, ni mtu asiye na mke, asiye na jirani, asiye na hofu wala kumbukumbu, anayeamka kila asubuhi akiuliza tu kitu gani ni cha bei ndogo. Mtu wa namna hiyo hatujakutana naye Likasi.

Jambo hili lawahusu mapadri na wale wanaojitayarisha kuwa mapadri. Wenye miradi wakitaka kuwahesabu watu, mara nyingi huanza kwa kubisha mlango wa parokia: waomba mahali pa mkutano, waomba wakubwa wa jumuiya hai wawaongoze nyumba kwa nyumba. Anayeombwa hivyo yafaa ajue anasaidia kazi gani.

Modeli ni nini?

Modeli ni mfano wa kitu uliofanywa kwa hesabu. Fundi huchora nyumba kabla ya kuchimba msingi, na yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka alishauriwa akae kwanza ahesabu gharama. Walimu wetu wa filozofia, wanaomfuata Mtakatifu Toma, hutufundisha kwamba kukiacha kitu pembeni katika fikira si kusema uongo, mradi usikane kwamba kipo. Ramani ya Likasi haina harufu ya samaki wa sokoni, na hakuna anayeiita ramani ya uongo. Basi modeli ina haki ya kuacha mengi. Swali ni hili: imeacha nini, tena, je, yakumbuka kwamba imekiacha?

Modeli ya kale tunayoijua sisi Wakristo imo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41. Yosefu anapanga miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Anaamuru sehemu ya tano ya mavuno iwekwe ghalani. Hesabu ikatimia, Misri haikufa. Twapenda kuihubiri sura hiyo. Lakini tusome hata sura ya 47, isiyohubiriwa sana. Watu walileta feza yao kwanza, kisha mifugo yao, kisha mashamba, na mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao, ili wapate nafaka ileile iliyotoka katika mashamba yao. Nafaka ilihesabiwa vizuri sana. Nani ana ufunguo wa ghala na nani hana, hilo halikuingia katika hesabu. (Mashamba ya makuhani peke yao hayakununuliwa, neno ambalo sisi makuhani tusilipite haraka.)

Mainjiniere wa leo wana njia mbili. Wengine huanza juu: watazama mali ya nchi yote, idadi ya watu na bei, kisha wasema: mali ikiongezeka kiasi hiki, umeme utatakiwa kiasi hiki. Wengine huanza chini: wahesabu nyumba, taa, majiko, mashini za viwanda, kimoja kimoja, wakizidisha na kujumlisha. Modeli nyingi zinazojulikana leo zilizaliwa baada ya bei ya petroli kupanda mwaka 1973. Moja, iitwayo MARKAL, ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ili kutafuta njia ya gharama ndogo ya kupata nguvu zinazotakiwa. Nyingine ni LEAP, nayo tutaisema mbele, kwa maana ilizaliwa kwa ajili ya kuni za Kenya.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tuone mahali mtu anapopotea katika hesabu. Mtaa mmoja una nyumba 600. Twasema kila nyumba itapika kwa umeme, na kwa siku itatumia kilowati-saa 3. Jumla ni 1,800. Ukigawanya kwa saa 24, mtaa wahitaji wastani wa kilowati 75, na kabini ndogo yatosha. Lakini mama hawapiki kwa wastani. Watu watoka kazini na sokoni karibu saa moja, watoto wana njaa saa moja, na chakula kikubwa cha siku ni kile cha jioni. Kila nyumba ikiwasha resho ya wati 1,500 wakati uleule, zatakiwa kilowati 900, yaani mara kumi na mbili ya wastani ule. Kabini yaungua. Kesho yake fundi atasema watu wametumia umeme vibaya. Sivyo. Wamekula chakula cha jioni, kama walivyokula wazazi wao. Kosa lilikuwa katika karatasi iliyojua kiasi cha chakula isijue saa ya kula.

Na kabini ikiisha kuungua, hesabu nyingine yaanza, isiyo katika modeli yoyote. Watu wa mtaa wachanga feza, wachagua mmoja wao kuishika, wangoja, wagombana juu ya nani alitoa na nani hakutoa. Mtaa wenye watu wanaoaminiana hupata umeme tena upesi. Mtaa ambamo mweka-feza wa kwanza alitoroka hukaa gizani muda mrefu, hata ukiwa na mali kuliko ule wa kwanza. Uaminifu nao ni waya. Hauonekani juu ya nguzo, lakini ukikatika taa huzimika vilevile.

Waya wa Inga

Kutoka mtaani twende sasa katika jambo kubwa, ambalo Likasi na Kolwezi zimeliona kwa macho. Katika miaka ya 1970 serikali iliamua kuleta umeme kutoka Inga, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini, hata Kolwezi. Ni safari ya kilomita 1,700 hivi, na wakati ule hapakuwa na nyaya nyingi duniani za urefu kama huo. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, Inga ya pili mwaka 1982, na waya ulimalizika mwaka huohuo wa 1982.

Hesabu iliyoutetea waya huu ilisimama juu ya shaba. Gécamines, iliyoshika kazi ya Union Minière tangu mwaka 1967, ilitazamiwa kutoa shaba zaidi na zaidi; basi viwanda vya Kolwezi na vya hapa Shituru vingetaka umeme zaidi na zaidi. Mstari mmoja ulipanda, mwingine ukaufuata. Lakini bei ya shaba ilikuwa imeanguka tayari mwaka 1975, waya ungali wajengwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa bado zaidi ya toni 450,000 kwa mwaka, na waya haukujaa. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 ulikuja uporaji. Na katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Uwanja wa gari la moshi hapa Likasi ulijaa jamaa zilizongoja treni juma kwa juma, wengine wakifa hapo hapo wakingoja. Kati yao walikuwamo mafundi, makarani, waganga na walimu, wengi wamezaliwa katika mji huu. Mwaka 1994 Gécamines haikufikisha hata toni 50,000.

Hatusemi kwamba injiniere wa mwaka 1973 alipaswa kuyatabiri hayo yote. Hakuna modeli iliyo na safu ya chuki, wala hatujui ingeandikwaje. Lakini yako maswali mawili ambayo yangeweza kuulizwa siku ile. La kwanza: shaba isipopanda, nani mwingine atautumia umeme huu? La pili: waya utapita juu ya nani? Waya wa Inga ni wa umeme wa mwendo mmoja, ule usioweza kushushwa njiani pasipo kituo cha gharama kubwa. Ulifanywa upande Inga na ushuke Kolwezi. Kwa hiyo ulipita juu ya vijiji vingi sana bila kuwasha taa hata moja. Baadaye vipande vya chuma vya nguzo zake vikaanza kuibwa, na mafundi wakalazimika kuvirudisha. Amri ya saba inabaki amri ya saba, na mwizi ni mwizi. Lakini anayefanya hesabu ya kutunza waya kwa miaka arobaini, akadhani watu watalinda bure kitu kinachowapita bila kuwasalimu, hajafanya hesabu yake mpaka mwisho.

Leo mambo yamegeuka. Shaba ya Kongo imepanda kupita kadiri ambayo mtu yeyote aliiandika zamani: mwaka 2023 nchi ilitoa zaidi ya toni milioni mbili na nusu. Waya uliokuwa mkubwa mno umekuwa mdogo mno. Migodi yanunua umeme hata kutoka Zambia, na mingine yawasha mashini za mazuti. Mwadingusha, lililokuwa limechoka, lilitengenezwa upya kwa feza ya kompani ya Kamoa pamoja na SNEL, na tangu mwaka 2021 laweza kutoa megawati 78. Kompani ilitoa feza hiyo kwa mapatano ya kupata umeme wa mgodi wake. Hatulaumu mapatano hayo. Pasipo feza hiyo mitambo ingeendelea kuoza. Lakini twaona katika mapatano ya namna hii jinsi hesabu inavyosema: mgodi una mstari wake, una megawati zake zilizoandikwa. Mtaa wa Kikula hauna mkono wa kutia sahihi.

Miti ya Kakamega

Kuna watu walioliona shimo hili mapema wakatafuta kulijaza, na habari yao yatufaa sana. Ilikuwa Kenya, mwaka 1980. Serikali ya Kenya na Chuo cha Beijer cha Sweden waliungana kuchunguza kuni na makala, kwa maana petroli ilisemwa na kila mtu, na kuni, zilizopika chakula cha watu wengi kuliko petroli, hazikusemwa. Kwa kazi hiyo ilitengenezwa modeli ya LEAP, ambayo leo hutumiwa katika nchi nyingi. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kufahamu: watu wangapi, kila mtu achoma kuni kiasi gani, miti yakua kiasi gani kwa mwaka. Jibu lilitisha: watu wakiongezeka hivi, kuni zitapungukiwa sana kabla ya mwaka 2000. Dawa ikaonekana wazi nayo: kupanda miti.

Kisha watafiti wakaenda kukaa Kakamega, katika nchi ya Waluhya, mahali penye watu wengi sana katika mashamba madogo. Kadiri ya hesabu, pale pasingekuwa na mti. Kumbe miti ilikuwa tele. Wenye mashamba walikuwa wamepanda wenyewe, hasa mikalitusi. Na hata hivyo mama wa nyumba zilezile walitembea mbali kutafuta kuni, au walipika kwa mabua ya mahindi. Iliwezekanaje, miti ijae na kuni zikosekane katika boma moja?

Ilikuwa hivi. Mti ni mali ya mwanamume, kwa maana kupanda mti ni kutia alama ya umiliki wa shamba. Mwanamume aliupanda kwa kujengea na kwa kuuza. Kuni, kinyume chake, ni kazi ya mwanamke, wala mume hatoi feza kwa kitu ambacho mke apaswa kukiokota. Mwanamke hakuruhusiwa kukata mti wa mumewe. Na kama angepanda wake mwenyewe, ilisemwa kwamba atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Basi kugawa miche milioni moja kungalitajirisha soko la nguzo za kujengea, na jiko lingebaki vilevile.

Tazama walichofanya. Hawakuja kukemea mila, maana hapo wangefukuzwa. Waliitisha mazungumzo ya mume na mke pamoja, wakatumia michezo ya kuigiza na filamu ili shida ya jikoni isemwe mbele ya wote bila kumwaibisha mtu mmoja. Tena walileta vichaka vinavyokua upesi, kama sesbania na kaliandra. Machoni pa watu vitu hivyo havikuwa miti. Vilikuwa majani makubwa tu. Mwanamke aliweza kuvipanda na kuvikata bila kuvunja mwiko wowote. Sisi tuliosoma habari za kuingiza Injili katika desturi za watu twaweza kuitambua njia hii.

Tunalotaka msomaji alishike katika habari ya Kakamega ni dogo lakini ni la maana. Modeli haikukosea kujumlisha. Ilikosea kwa sababu iliandika neno “nyumba” kama kwamba nyumba ni mtu mmoja. Katika nyumba kuna anayeshika feza, kuna anayepika, kuna anayeamua, na mara chache huwa ni yuleyule.

Sifuri

Turudi Likasi. Liko kosa moja ambalo sisi twalihesabu kuwa baya kuliko yote, kwa sababu linafanana sana na ukweli. Mwenye modeli akitaka kujua watu wanahitaji umeme kiasi gani, huenda kuangalia wanatumia kiasi gani. Yaonekana ni haki. Lakini katika nchi yetu ni mtu mmoja hivi kati ya watano anayepata umeme, na vijijini ni wachache sana. Wale wengine watumia sifuri. Basi katika karatasi wanaandikwa sifuri. Sifuri ikiongezeka kwa asilimia tano kila mwaka, kwa miaka ishirini, ni sifuri bado. Hivyo maskini asiye na taa ageuka kuwa mtu asiyehitaji taa, na mpango wa miaka ishirini, ukiisha kupigwa muhuri, wamwacha gizani kwa kisa kwamba alikuwa gizani. Hata mwenye waya nyumbani huhesabiwa vibaya: akipewa umeme saa sita tu kwa siku kwa sababu ya delestaji, kipimo chaonyesha matumizi madogo, na mtu wa ofisi asema: mtaa huu hautumii sana.

Watu wa sayansi hii wanalijua kosa hili, na wengine wao walisema mapema. Dawa yake ni kuhesabu kwanza kile ambacho mtu ahitaji apate kuishi kama mtu: mwanga wa mtoto kusoma, moto wa kupika, kisima, friji ya chanjo katika zahanati. Kisha ndipo kupima umbali kati ya hitaji hilo na matumizi ya leo. Haiwi tena hesabu ya soko tu. Ni hesabu ya haki pia, na hapo ndipo padri ana neno la kusema bila kujifanya injiniere.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo, lakini lakwenda upande mwingine. Ni kudhani kwamba mtu akiisha kupata umeme ataacha makala. Zamani wataalamu walifundisha kwamba watu hupanda ngazi: kuni, kisha makala, kisha mafuta ya taa, kisha gazi au umeme, na anayepanda haangalii nyuma. Mwaka 2000 Omar Masera wa Meksiko na wenzake walionyesha kwamba katika vijiji walivyovichunguza haikuwa hivyo: watu hawaachi moto wa kwanza, huongeza wa pili juu yake. Mama yeyote wa Likasi angewaambia hayo bila safari. Resho ni ya chai ya asubuhi na ya kupasha mboga. Maharagi yanayochemka saa tatu hupikwa kwa makala. Bukari yataka sufuria iliyokaa imara, isongwe kwa nguvu za mikono miwili, na resho ndogo yaanguka. Jioni umeme washuka hata taa inakuwa nyekundu. Na ukikatika chakula kikiwa nusu, mbabula lazima iwepo. Mwenye akili haweki watoto wake mikononi mwa moto mmoja.

Tuzichukue tena nyumba zetu 600 za kubuni. Tuseme kila moja yachoma kilo 2 za makala kwa siku. Kwa mwaka ni toni 438. Katika tanuru ya udongo, kupata kilo moja ya makala huhitaji kilo saba hivi za mti. Basi ni toni 3,066 za mti wa pori. Modeli ya ngazi yasema: nyumba zote zikipata umeme, pori litapumzika kabisa. Lakini nyumba zikiendelea kupika nusu ya chakula kwa makala, toni 1,533 za mti zaendelea kukatwa kila mwaka. Aliyeahidi kuponya pori atajikuta amesema uongo, ingawa alivuta waya kweli na taa zawaka kweli.

Bei nayo si ile inayoandikwa. Karatasini makala huonekana ghali kuliko umeme, ukipima joto kwa joto. Lakini anayepata feza yake kila jioni hununua makala ya jioni hiyo, kifuko kimoja. Resho, sufuria mpya, waya wa nyumbani na malipo ya kuunganishwa vyataka feza nyingi siku moja. Tena nyumba nyingi hazina kipimo cha umeme; hulipa kiasi kilekile kila mwezi, wakitumia sana au kidogo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuzima taa ni kubana matumizi, atakuuliza kwa haki kabisa: nitapunguziwa nini?

Maswali ya kuuliza

Wako wanaotaka kuponya hayo yote kwa namba mpya: uaminifu wapewe kipimo, mila ipewe kipimo, zote ziingie mashinini. Sisi twaona shaka kidogo. Baadhi ya mambo yafaa kuhesabiwa, kama saa ya kupika na idadi ya nyumba zenye moto wa namna mbili. Mengine yafaa kusimuliwa: kuandika hadithi mbili tatu za wakati ujao, moja ambamo bei ya shaba yaanguka, moja ambamo mtaa wakataa kulipa kwa sababu ulidanganywa, kisha kujaribu mpango juu ya kila hadithi. Na yako mengine ambayo huwezi kuyahesabu wala kuyasimulia pasipo wenyewe kuwapo. Papa Fransisko katika barua yake ya mwaka 2015, Laudato si', alisema katika sehemu ya 183 kwamba wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya kwanza mezani panapozungumzwa miradi ya namna hii, tena tangu mwanzo, si baada ya mpango kwisha.

Kwa hiyo anayeletewa karatasi ya maswali parokiani asiipokee kama barua iliyofungwa. Atazame yaulizwa kwa nani. Yakiulizwa kwa mkubwa wa nyumba tu, aombe mama aulizwe peke yake, na si saa ya soko. Atazame kama karatasi yauliza “mwatumia nini?” tu, au yauliza pia “mlikosa nini juma hili?” Aulize kama kuna mahali pa kuandika yaliyotokea mara ya mwisho mtaa ulipochanga feza kwa ajili ya kabini, kwa maana hapo ndipo utajulikana kama watu watachanga tena. Na mkutano ukiisha, aulize majibu yatarudi lini, yatasomwa kwa lugha gani.

Liko pia kundi ambalo karatasi hizi karibu hazilitaji: wachoma makala wenyewe, na wale wanaozisukuma baiskeli zilizobeba mifuko mirefu kuingia mjini alfajiri. Katika hesabu ya pori ni adui. Katika hesabu ya umeme hawamo. Wengi wao ni wakulima, ambao huchoma kazi ya shamba ikipungua, na feza ile ndiyo hupeleka mtoto katika sekondari mwezi wa Septemba. Modeli inayopunguza makala ya Likasi kwa nusu yapunguza pia feza hiyo ya Septemba, katika vijiji ambavyo waya wenyewe hautafika. Mstari wao uandikwe katika karatasi ileile, karibu na mstari wa megawati, waya ungali haujavutwa.